Nyutoni 180 au 220? Hewa ya Dodoma na injini ya ndege ya rimoti

Mwenzangu mmoja wa mtaa wa Kisasa, hapa Dodoma, ana bodi ya ndege ya jeti ya rimoti, urefu wake mita mbili na nusu, imelala sebuleni tangu Pasaka. Mkewe ameshazoea kuizunguka akipeleka chai. Ikifungwa kila kitu na kujazwa mafuta itafika kilo 18. Kilichobaki ni injini, na hapo ndipo alipokwama: anunue turbini, yaani injini ya jeti, yenye msukumo wa nyutoni 180 au wa 220? Rafiki yake wa Dar es Salaam amemwambia 180 inatosha, chenji anunulie matairi. Mwingine, aliyewahi kurusha hapahapa Dodoma, amemwambia asithubutu kuchukua ndogo. Kila mmoja ana hoja ya kweli. Tofauti ni kwamba mmoja anaongea akiwa pwani.

Msukumo unaoandikwa kwenye karatasi ya injini hupimwa kwa hewa ya usawa wa bahari, kwenye nyuzi 15 za Selsiasi. Kwa hewa hiyo, nyutoni 180 ni kama kilo 18 za msukumo, yaani ndege ya mwenzangu ingesukumwa kwa nguvu inayolingana na uzito wake. Lakini Dodoma iko takribani mita 1,120 juu ya bahari. Mchana wa Oktoba, joto likigonga nyuzi 33, hewa yetu inabaki na kama asilimia 82 tu ya uzito wa ile ya kwenye karatasi. Turbini haina ujanja mwingine zaidi ya kumeza hewa, kuibana, kuichoma pamoja na mafuta na kuitupa nyuma kwa kasi. Hewa ikiwa nyepesi, msukumo unashuka karibu kwa kiwango hichohicho, na ile 180 inageuka 148 hivi. Dar, pamoja na joto lake lote, ingebaki na 170. Kwa hiyo rafiki wa pwani hakudanganya, ila hesabu yake inaishia Kibaha.

Je, 148 haitoshi? Kwenye lami inatosha kabisa. Jeti nyingi za rimoti huruka vizuri zikiwa na msukumo wa asilimia 80 ya uzito wake, na hii ingebaki juu kidogo ya hapo. Tatizo ni kwamba sisi hatuna lami ya kuchezea. Ukishakaa mbali na njia za ndege za abiria na maeneo ya serikali, na katika makao makuu ya nchi maeneo hayo hayaishi, ukapata na kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, unachobaki nacho ni udongo ulioshindiliwa wenye mbigili. Udongo unang'ang'ania magurudumu. Ndege itakimbia umbali mrefu kabla ya kunyanyuka, na kwa kuwa hewa ni nyepesi, italazimika kufikia kasi ya juu zaidi ndipo mabawa yabebe. Hapo anayetetea 220 anapata pointi ambayo siwezi kumnyang'anya: hata mchana wa Oktoba injini hiyo inabaki na nyutoni 180 halisi, na ukikosea kutua unaweza kuinyanyua ndege tena bila kuanza kusali.

Wanaoipinga kubwa hupenda kusema inasukuma hata ikiwa kwenye sailensa, yaani ikiunguruma tu bila kuongezewa mafuta, kwa hiyo ndege haitaki kutua. Hoja hiyo imekuzwa mno. Kwenye sailensa tofauti ya injini hizi mbili ni kama nyutoni mbili, sawa na gramu 200 za msukumo. Kinachofanya kutua Dodoma kuwe kugumu ni hewa yenyewe: kasi ya kugusa ardhi inapanda kwa karibu asilimia 10 kuliko usawa wa bahari, na nguvu ambayo breki inapaswa kuimeza inapanda kwa zaidi ya asilimia 20. Hilo litakukuta na injini yoyote.

Hoja yao yenye uzito ni nyingine. Mwenye nguvu mkononi huitumia. Ndege iliyoundwa kwa nyutoni 180 ikisukumwa na 220 hadi mwisho, usukani wa nyuma unaweza kuanza kutetemeka na kuchanika ndani ya sekunde moja. Halafu kuna mafuta. Kwa vipimo vya usawa wa bahari, ndogo hunywa karibu mililita 600 kwa dakika ikifunguliwa yote, kubwa inapita 700. Tangi litakuwa kubwa zaidi, na ndege ikianguka kwenye majani makavu ya Septemba, mafuta mengi zaidi yanamwagika juu ya chuma chenye joto la nyuzi mia kadhaa. Mtungi wa kuzimia moto uwe uwanjani kabla hata ya betri.

Ila nguvu ya ziada inaweza kufungwa. Kompyuta ya injini hukuruhusu kushusha kikomo cha mizunguko, na turbini isiyofikishwa kileleni hupata joto dogo na huchakaa polepole. Ningemshauri achukue 220, aishushe kikomo wakati wa baridi, aipandishe Oktoba. Mwenye 180 hana cha kupandisha.

Kuna nyongeza ya bure ambayo hakuna kati ya wale wawili aliyeitaja: saa. Asubuhi ya Julai yenye nyuzi 15, hewa ya Dodoma inafika karibu asilimia 87, na 180 inakupa 157 badala ya 148. Hiyo ni kama robo ya tofauti ya injini zenyewe, kwa gharama ya kuamka saa kumi na moja. Tena upepo unakuwa bado haujachachamaa.

Kuhusu chapa sitakaa sana. JetCat ya Ujerumani na KingTech ya Taiwan zote zina injini za kundi hili. La kuuliza ni nani atakayeifungua. Turbini hizi kwa kawaida hutakiwa kurudi kufanyiwa huduma baada ya saa 25 za kazi. Kwa safari za dakika nane, mbili kila Jumamosi, hiyo haifiki miaka miwili, kisha mzigo unavuka bahari kwenda na kurudi, na makaratasi ya forodha yawe yameandaliwa kabla haujatoka.

Na saa hizo 25 ni za mahali pasafi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mjerumani Kurt Schreckling alitengeneza turbini ya namna hii kwa gurudumu la kubana hewa la mbao za plaiwudi, na wengine waliomfuata wakachukua magurudumu ya tabochaja za magari, zile zinazobana hewa ya kulisha injini. Undugu huo ungalipo. Muulize fundi yeyote wa malori barabara ya Singida tabochaja inakuwaje filta ya hewa ikichanika. Injini yetu haina filta kabisa, inazunguka zaidi ya mara 110,000 kwa dakika, na ile ya 220 inavuta karibu nusu kilo ya hewa kila sekunde kutoka sentimita chache juu ya udongo. Hapa kubwa inapoteza, maana inavuta vumbi zaidi. Lakini pia inaondoka ardhini mapema, na vumbi baya ni lile la kukimbia chini.

Kwa hiyo kabla ya kulipia injini yoyote nilimwambia apige hesabu ya zege: mita ngapi angalau za mwanzo, pale ndege inapowashwa na kuanza kukimbia, zinaweza kumwagiwa sakafu nyembamba au kutandikwa turubai zito lililopigiliwa pembeni. Jumamosi iliyopita nilimkuta uwanjani na futi kamba, mkewe ameshika ncha ya pili.