Anwani ya IP huku ughaibuni na kule nyumbani

Wengi wetu tunaoishi Ulaya tunaamini kwamba faragha yetu mtandaoni iko salama zaidi huku kuliko nyumbani. Kwa maoni yangu, imani hiyo ina ukweli upande wa sheria. Upande wa mitambo, mara nyingi mambo yako kinyume.

Huku intaneti huingia ndani kwa waya, na kwa kawaida kila kaya hupewa anwani yake ya IP (namba inayoutambulisha muunganisho wake mtandaoni), ambayo inaweza kukaa wiki nyingi bila kubadilika, kiasi kwamba kampuni za matangazo zinaweza kuunganisha ziara za asubuhi na za usiku hata baada ya mtu kufuta vidakuzi vyote (faili ndogo ambazo tovuti huziacha kwenye kivinjari ili zimtambue). Nyumbani, ambako wengi huingia mtandaoni kwa simu, hali ni tofauti. Anwani za IPv4, yaani mfumo wa zamani wa anwani za IP ambao bado unatumika sana, hazizidi bilioni 4.3 duniani kote, na akiba kuu ya kimataifa ilimalizika kugawiwa mwaka 2011, hivyo kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Tovuti inayotazama kutoka nje huona umati tu. (Umati una adha zake pia: mmoja akituma barua taka, wenzake wote huzuiwa pamoja naye.)

Hata hivyo, kampuni ya simu yenyewe inaweza kujua ni laini ipi iliyotumia anwani hiyo na saa ngapi, na laini mara nyingi imesajiliwa kwa jina. Hapo ndipo sheria ya huku inapokuwa na uzito, kwani mwaka 2016 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba hata anwani ya IP inayobadilika inaweza kuwa taarifa binafsi, endapo mwenye tovuti ana njia ya kisheria ya kumtambua mtumiaji kupitia mtoa huduma wake.

Pande zote mbili tunakimbilia proksi, yaani seva ya kati inayofungua tovuti kwa niaba yetu: sisi ili tuonekane tuko nyumbani, wao ili waonekane wako ng'ambo. Tovuti huona anwani ya proksi, lakini mwenye proksi huona anwani yako halisi pamoja na tovuti unazozitembelea, na pasipo HTTPS (usimbaji unaoficha mawasiliano kati ya kivinjari na tovuti) anaweza kusoma na hata kubadilisha yaliyomo. Proksi nyingine huipachika anwani yako halisi kwenye kichwa cha ombi (maelezo yanayotangulia ombi linalotumwa kwa tovuti) kiitwacho X-Forwarded-For, ikamfikia yuleyule uliyetaka asiione.

Ninazozihofia zaidi ni za bure, kwa kuwa seva zina gharama na asiyekutoza hulipwa kwa njia nyingine. Baadhi ya programu hizo hukigeuza kifaa chako kuwa mlango ambao watu usiowajua huutumia kutokea mtandaoni kwa anwani yako, na hapo sisi wa ughaibuni ndio tulio hatarini zaidi, kwa sababu anayefuatilia uhalifu uliofanywa kupitia anwani yetu hufikia mkataba wa intaneti wenye jina la mtu mmoja.