Mwambie Mwenzako Jengo Limelala

Picha ya KICC, jumba refu la mikutano jijini Nairobi, imepigwa kutoka chini, kamera imeinuliwa, mnara umelala kwa nyuma. Wapigapicha wenzake wanamwambia aliyeipiga "kali sana", "moto", basi. Kesho atakwenda Upper Hill apige Britam Tower vilevile. Hili linaniudhi kwa sababu ujuzi wa kumsaidia tunao, ila tunaunyamazia.

Mwonyeshe mahali penyewe: mistari ya kuta inakaribiana kadiri inavyopanda. Mpe sababu: sensa, yaani kibamba kinachonasa picha ndani ya kamera, haikuwa sambamba na ukuta. Kisha mwambie la kufanya. Arudi nyuma, au apande jengo la jirani hadi karibu nusu ya urefu wa mnara, aiweke kamera sawa bila kuiinamisha. Akibaki chini, atumie lenzi pana, kamera ikiwa wima bila kuinuliwa juu, kisha akate barabara iliyozidi mbele. Akitegemea kunyoosha kwenye programu, aache nafasi ya kutosha kando na juu, maana marekebisho hula pembe za picha. Tena asinyooshe mpaka mwisho ikiwa alisimama karibu sana. Jengo litaonekana limepanuka kichwani. Lakini muulize kwanza alikusudia nini. Kama alitaka mnara ulale, kosa ni kwamba ameulaza kidogo mno, ukafanana na bahati mbaya.

"Mwanga haukuwa mzuri" nayo haisaidii mtu. Nairobi iko kusini kidogo tu mwa ikweta, kwa hiyo mwezi wa Juni jua la mchana hukaa kaskazini. Anayepiga jiji akiwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, upande wa kusini, anapata kuta zenye kivuli na anga iliyoungua, yaani nyeupe tupu kwa mwanga kuzidi. Hakuna uhariri utakaoziokoa vizuri. Mwambie arudi Desemba, jua likiwa mgongoni mwake, au aje jioni baada ya jua kuzama, karibu saa kumi na mbili na nusu, asubiri taa za maofisini ziwake. Hapo ana kama dakika ishirini kabla anga haijawa nyeusi, basi tripodi iwe imeshasimama.

Upeo ukiinama, sema umeinama upande gani. Ukiona utando mweupe kwenye kingo za jengo, apunguze kuinua vivuli, yaani kung'arisha sehemu zenye giza kwenye programu. Picha ikikosa ukali ilhali fokasi ni sahihi, uliza kama alitumia f/22, tundu la lenzi dogo mno linalofifisha ukali; f/8, tundu kubwa zaidi, ingemtosha.

Nakubali, anayeanza huhitaji kutiwa moyo. Basi sifa nayo iwe na mahali pake: "umeacha anga wazi upande wa kushoto, mnara ukapata pumzi." Hapo anajua cha kurudia. Na kama hakuomba maoni, mtafute faraghani umuulize kama anayataka.