Kilichoivuta Pioneer kilikuwa mgongoni mwake

Wapo wanaosimulia kisa cha vyombo vya angani Pioneer 10 na Pioneer 11, vilivyopunguza mwendo bila sababu kujulikana, kana kwamba fumbo lake bado halijafumbuliwa. Lilifumbuliwa mwaka 2012, ila jibu halikuwa na mbwembwe, na nadhani ndiyo maana halikuvuma.

Vyombo hivyo vilirushwa na NASA mwaka 1972 na 1973. Vyote vilipita Mshtarii, Pioneer 11 ikapita na Zohali, kisha vikaendelea kutokomea. Miaka ya 1980, John Anderson wa JPL, maabara ya NASA, aligundua, kwa kupima mawimbi ya redio, kwamba vinapunguza mwendo kuliko hesabu za uvutano zinavyotaka. Tofauti yenyewe ni kama sehemu moja ya bilioni kumi ya uvutano wa hapa duniani. Ndogo mno, lakini haikuondoka.

Habari hizo zilipochapishwa mwaka 1998, kila mtu akaja na lake. Huyu anataja maada nyeusi, ile maada isiyoonekana inayodhaniwa kutanda ulimwenguni, yule anataka kanuni za Newton na Einstein zirekebishwe. Kuwaza si kosa. Kinachonikera ni pupa ya kuuhukumu ulimwengu mzima wakati chombo chenyewe hakijakaguliwa vya kutosha. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jenereta za Pioneer zilitumia plutoniamu, metali yenye mionzi, zikitoa joto la wati zaidi ya 2,000, na sehemu ndogo tu ndiyo iliyogeuka umeme. Joto lililobaki lilitoka kama mnururisho, yaani mwanga wa joto usioonekana kwa macho, nao mnururisho husukuma. Sasa tazama umbo lake: antena ya upana wa mita 2.74 imeelekea Duniani muda wote, na nyuma yake kuna kasha la vifaa. Joto la kasha lilitokea zaidi upande wa nyuma, na la jenereta likaugonga mgongo wa antena. Yote mawili yanakisukuma chombo kuelekea Jua. Kwa chombo cha kilo 250 hivi, wati 60 na ushee zilizoegemea upande mmoja zinatosha kabisa.

Mwanafizikia Slava Turyshev wa JPL na wenzake hawakulipata jibu hili kwa nadharia tupu. Walifufua kumbukumbu za zamani, zikiwemo kanda za sumaku, zenye vipimo vya joto na umeme ndani ya chombo. Vilikuwa vipimo vya mafundi, vya kujua tu kama mitambo ni mizima! Kwangu mimi, waliozuia kumbukumbu hizo zisitupwe wanastahili sifa kuliko wengi walioandika nadharia. Rekodi ndefu zilionyesha pia kwamba msukumo ule ulikuwa unapungua miaka inavyokwenda, sambamba na joto. Uvutano mpya usingekuwa na sababu ya kufifia plutoniamu ikipoa.