Kijana Anabonyeza Haraka, Mzee Anataka Kwanza Auone Mzigo

Tumezoea kusema vijana hununua mtandaoni kwa sababu wanaijua teknolojia, na wazee hawanunui kwa kuwa imewashinda. Kwa Kenya na Tanzania, sikubaliani na maelezo hayo. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania 2008. Waliokuwa na miaka 50 wakati ule sasa wanakaribia 70, na muda wote huo wamepokea hela za watoto na kununua umeme kwa simu. Kubonyeza wanajua. Kinachowatia shaka ni kutanguliza pesa kwa mtu wasiyemfahamu, kwa kitenge ambacho hawajakishika.

Shaka hiyo ina msingi. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza kwamba machungu ya kupoteza humwelemea mtu kuliko furaha ya kupata kiasi kilekile. Mstaafu anayeishi kwa pensheni akitapeliwa, atachukua muda mrefu kuziba pengo. Hata hivyo tahadhari nayo ina gharama yake. Mama wa Songea anayeumwa magoti angeweza kutumiwa mzigo kwa basi kutoka Kariakoo. Akiogopa, atachukua kilichopo duka la jirani kwa bei yoyote atakayotajiwa.

Kwa kijana, hatari iko kwenye wepesi wenyewe. Mwaka 1999 duka la mtandaoni la Amazon lilipewa hataza, yaani haki ya kisheria ya mbunifu, ya kununua kwa kubonyeza mara moja, na mantiki yake inaeleweka: kila hatua inayotangulia malipo humpa mnunuzi nafasi ya kughairi. Siku hizi programu nyingi huongeza saa inayokimbia kuelekea mwisho wa ofa, na maneno “zimebaki 2 tu”. Mwanasaikolojia Robert Cialdini aliandika tangu 1984 jinsi uhaba na kuiga wengine vinavyotusukuma kukubali. Kenya, tangu 2019, Fuliza, huduma ya mkopo ya M-Pesa, humruhusu mtu akamilishe malipo hata salio likiwa pungufu. Zamani mfuko mtupu ulikuwa breki. Leo tamaa inaweza kugeuka deni usiku huohuo, kitandani.

Ni kweli pia kwamba kijana analinganisha bei za maduka matatu kwa dakika chache na kusoma maoni ya wateja kabla hajalipa. Ni ujuzi wa maana, ingawa maoni nayo hununuliwa. Wa umri wa kati, wenye watoto na ada, wengi wao hurudi kwa muuzaji aliyewahi kuwaletea mzigo sahihi.

Kulipa mzigo ukifika kungewasaidia wote: mzee angekagua, kijana angepata muda wa kufikiri. Wauzaji wanalalamika, tena kwa haki, kwamba wateja hukataa mzigo mlangoni na nauli ya bodaboda inapotea. Basi nauli mnunuzi aitangulize, na bei ya bidhaa ailipe akishaikagua.