Anayelodi upya hajaijaribu kampeni

Panzer Corps ni gemu la vita la kupokezana zamu lililotoka 2011, na mashabiki bado wanalitengenezea kampeni zao wenyewe. Ramani unachora, faili la silaha unalifungua na kuliandika upya, vifaru vinaondoka na nafasi yao wanachukua askari wa 1914. Kampeni niliyonayo sasa ni ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, mchezaji akiwa upande wa Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huko katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kijana aliyeitunga ameifanyia kazi kwelikweli. Ugomvi wangu ni na sisi tunaomjaribia.

Tunagawana hatua, kila moja pigano lake. Huyu anapewa Tanga, yule Mahiwa ya kusini, kila mmoja anacheza ya kwake na kuandika kwamba imenoga. Na Tanga inanoga kweli: Novemba 1914 Waingereza wanashusha watu kama 8,000, wewe unao kama 1,000, na ukiwakaba kati ya mashamba na reli unawarudisha baharini. Lakini hatua nzuri kumi zinaweza kuzaa kampeni mbovu, na ubovu huo hauonekani mpaka mtu mmoja aicheze yote kwa mfululizo.

Gemu lenyewe lilirithi mfumo wa Panzer General ya 1994. Vikosi unavyovilea vinakufuata kutoka hatua hadi hatua, vinapata nyota za uzoefu, na kila mji unaouteka unakupa prestiji ya kununulia vingine. Ni mfumo wa jeshi linalonenepa. La Lettow-Vorbeck lilikonda. Mwanzoni mwa 1916 alikuwa na watu wapatao 14,000. Alipovuka Ruvuma Novemba 1917 alibaki na askari Waafrika kama 1,700 na Wazungu wapatao 300. Siku ya kusalimu amri Abercorn (leo Mbala, Zambia), 25 Novemba 1918, askari walikuwa 1,168 na Wajerumani 155. Mimi nilifika Mahiwa nikiwa na kikosi cha mizinga ya Königsberg chenye nyota nne na prestiji nisiyojua niitumie wapi. Mizinga ile iliopolewa kwenye Königsberg yenyewe, meli ya kivita ya Wajerumani iliyozama Rufiji, ilikuwa kumi tu, na ukipoteza mmoja hakuna duka la kununua mwingine. Kwenye kampeni duka lipo.

Sasa mtunzi hawezi kuliona hili kwa sababu wanaojaribu wanalodi. Shambulio likienda kombo, mtu anarudi kwenye mchezo aliouhifadhi zamu mbili nyuma, anapiga tena mpaka bahati imkubali, halafu anaripoti kwamba hatua ni rahisi mno. Mtunzi naye anaongeza maadui. Mchezaji wa kawaida, anayekubali hasara zake, anakuja kukwama hatua ya tano na kuifuta kampeni. Kucheza hivyo nyumbani kwako hakuna ubaya. Ila ukisema unajaribu, cheza na majeruhi wako.

Mahiwa ndipo pa kupimia. Oktoba 1917, kwa siku nne, Lettow-Vorbeck aliwaumiza Waingereza vibaya: zaidi ya 2,000 kati yao waliuawa au kujeruhiwa, naye alipoteza mia kadhaa. Kwenye gemu huo ni ushindi mnono unaolipwa prestiji. Kwenye vita yenyewe zile mia kadhaa hazikuwa na wa kuziba nafasi zao, risasi zilikuwa zinakwisha, na mwezi uliofuata mshindi alikuwa anakimbilia Msumbiji.

Nimempendekezea mtunzi afute prestiji ya kuteka miji na alipe kwa ngawira: Tanga, ambako Waingereza waliacha bombomu 16 na risasi 600,000, meli za magendo Rubens mwaka 1915 na Marie mwaka 1916, na Ngomano, ng'ambo ya Ruvuma, ambako ngome ya Wareno iligeuka ghala la Lettow-Vorbeck. Wapagazi nao wawe kikosi kwenye ramani, kwa sababu mbung'o waliua farasi na nyumbu na kila kitu kilibebwa kichwani. Kampeni ya vita hii isiyo na wapagazi mimi siihesabu. Anaogopa wachezaji watakimbia wakiona jeshi lao linayeyuka. Wengine watakimbia, sawa. Toleo jipya likitoka nitaanza tena kutoka Tanga, na faili za kuhifadhi nimeshazifuta.