Rauta yangu, kijiwe cha mtaa mzima

Juzi shemeji yangu wa Houston kanipigia analalamika weee, eti Wamarekani tumeonewa (siku hizi ni Mmarekani huyo). Anasema mwaka 2014 Comcast, kampuni inayowauzia intaneti, iliwasha waifai nyingine ndani ya rauta za wateja, palepale Houston nyumba elfu 50 kwa mkupuo, yaani rauta iko sebuleni kwako, imechomekwa kwenye umeme wako, halafu inarusha waifai mbili, moja yako na nyingine ya mteja yeyote wa kampuni anayejipitia zake barabarani. Na hawaulizi nani anataka, asiyetaka ndio ahangaike kuizima. Wenyewe wakasema tulieni, njia ya wapita njia imetengwa, spidi yako haiguswi. Mwisho wa mwaka huohuo wateja wakawafungulia kesi San Francisco, na mojawapo ya hoja ilikuwa umeme, kwamba bili inamwangukia mwenye nyumba.

Nilicheka mpaka akanuna. Shem, nyie mna kampuni, mimi huku Tabata nina mama Junior.

Paswedi alimpa jirani siku ile kaenda kuazima blenda, jirani akampa dada wa kazi, dada akampa mchumba wake wa bodaboda, na ukishampa bodaboda siri basi umelipa mkoa tangazo. Sasa hivi chini ya mwembe nje ya ukuta wangu pana kijiwe kamili, pikipiki saba, abiria anaita we boda, anaambiwa subiri dada, kona hiyo inapigwa. Kuna mmoja kaja na stuli yake ya kudumu! Mimi ndani nataka kuangalia taarifa ya habari kwenye simu, kile kiduara kinazunguka tu, huku nje nasikia goooli, yaani goli kwenye intaneti yangu nalisikia kupitia dirishani.

Najua rauta haili umeme kihivyo, ila nikiingiza tokeni za LUKU roho inaniuma, naona kama uniti zote zinaenda mwembeni.

Jumamosi kifurushi kikaisha, nikasema silipi, tuone. Hazijafika dakika kumi geti linagongwa. Nafungua, wako wanne, yule wa stuli ndio msemaji.

"Shikamoo baba Junior. Samahani, ni LUKU imeisha au?"

Nikamwambia hapana, intaneti ndio imekata. Sikusema kwa nini, sijui aibu ilitoka wapi nyumbani kwangu mwenyewe.

Jamaa akasonya, akawageukia wenzake, wote wanatikisa vichwa kama wako msibani.

"Wapigie hao watu wa waifai mzee, tena usiwachekee. Hela yako unawapa kila mwezi halafu wanakufanyia hivi?"