Mama Mwalimu wa Kigamboni na kazi ambazo hakulipwa

Sisi Watanzania tunaoishi Ulaya tunapokutana na kuzungumzia shule, mazungumzo huelekea njia mbili tu: ama tunasifu kila kitu cha huku, kuanzia madawati hadi chakula cha mchana, ama tunasema kwa masikitiko kwamba walimu wetu wa zamani walikuwa na moyo ambao huku haupatikani hata kwa dawa. Nimeshiriki mazungumzo ya aina zote mbili hapa Göteborg, nchini Uswidi, ninakoishi na familia yangu, na naona yote mawili hayamtendei haki mwanamke aliyenifundisha kusoma katika shule moja ya msingi upande wa Kigamboni, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mwalimu.

Anayeijua Kigamboni ya leo, yenye daraja lililofunguliwa mwaka 2016 na viwanja vinavyogombewa, anaweza asinielewe nikisema kwamba sisi tulikulia katika mji mdogo. Majengo ya Posta tuliyaona ng'ambo ya maji kila asubuhi, lakini pantoni ikiharibika tulikuwa mbali na jiji kama watu wa Mafia. Watu walijuana kwa majina ya watoto wao. Katika mazingira hayo mwalimu hakuwa na pa kujificha: alikuwa mwalimu sokoni, msibani na kwenye foleni ya pantoni, na mwanafunzi aliyekutana naye njiani akiwa ametumwa sigara na mjomba wake alijieleza kabla hajaulizwa.

Mama Mwalimu alikuwa mmoja wa wale walioitwa walimu wa UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, yaani kundi kubwa lililoingizwa kazini kwa haraka baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililotaka kila mtoto wa Tanzania awe shuleni ifikapo mwaka 1977. Waliosoma zaidi yao waliwadharau, na neno lenyewe likageuka kuwa kejeli. Mimi nilimkuta mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati wa Rais Mwinyi, mshahara wake ukiwa hauvuki nusu ya mwezi, hivyo wakati wa mapumziko alikuwa akituuzia visheti na ubuyu, na hakuna mzazi aliyeona ajabu.

Darasa letu lilikuwa na watoto zaidi ya 80. Herufi tulijifunza mchangani, nje, kwa kuwa chaki ilikuwa ya kuhesabu na mchanga wa Kigamboni haukuisha. Alipita nyuma yetu taratibu, na akikuta "d" imegeuka ikawa "b", aliifuta kwa ncha ya kandambili na kusema, "Rudia mwanangu, hiyo imempa mwenzake mgongo." Tulipoanza kuunganisha silabi alileta magazeti ya Uhuru yaliyokwisha kusomwa, akayakata vipande, na kila mapumziko aliwaita watoto wachache chini ya mkungu wamsomee, mmoja baada ya mwingine, huku akiendelea kuuza visheti vyake. Ulisoma ulichopewa, iwe tangazo la mnada, rambirambi au bei ya korosho. Aliyepewa habari ya Simba na Yanga iliyokatwa kabla ya matokeo alihangaika kutwa nzima kumtafuta mwenye nusu ya pili, na leo ninaamini kwamba mkasi wake ulikata pale kwa makusudi.

Kuna mwenzetu mmoja aliyeacha kuja shuleni tukiwa darasa la nne. Mama Mwalimu alifika kwao baada ya vipindi, akavua viatu, akaketi mkekani, akanywa chai na kuzungumzia mvua hadi mama wa mtoto alipokata tamaa ya kuficha na kusema kwamba kijana yuko soko la samaki la Feri, ng'ambo ya maji, anapara samaki. Kesho yake mwalimu alivuka kwa nauli yake mwenyewe, akamkuta amelowa magamba hadi kwenye nyusi, akaanza kujadiliana na tajiri wake. Walikubaliana kwamba kijana apare samaki mchana baada ya shule, na tajiri, ambaye hakuwa mtu wa kubembelezwa, aliahidi kumfukuza akimwona pale asubuhi. Alimaliza darasa la saba pamoja nasi.

Nisimfanye malaika. Alichapa, na alichapa kweli, kama wenzake wote. Mwaka 1979 Uswidi ilikuwa nchi ya kwanza duniani kupiga marufuku kabisa adhabu ya viboko kwa watoto, hata nyumbani, na mwaka huohuo kwetu zilitungwa kanuni zilizoeleza namna viboko vitakavyotolewa shuleni kwa idhini ya mwalimu mkuu. Mwanangu hajui kabisa kumwogopa mwalimu. Anamwita kwa jina lake la kwanza, jambo ambalo lilinikosesha raha mwanzoni, na anamwambia usoni kwamba somo la leo halikueleweka. Sisi tulisema tumeelewa, wote 80, kwa sauti moja. Katika hili sina nostaljia yoyote, na anayesema fimbo ndiyo iliyotufanya watu ninamwomba awahesabu pia wale walioacha shule kwa sababu ya fimbo hiyohiyo.

Nilipoanza kuhudhuria vikao vya wazazi huku ndipo nilipoanza kumwelewa Mama Mwalimu. Sheria ya shule ya Uswidi inataka wanafunzi waweze kumfikia daktari, muuguzi, mwanasaikolojia na mnasihi wa shule. Chakula cha mchana hutolewa bure kwa kila mtoto wa elimu ya lazima. Kuna maktaba. Mtoto asipofika bila taarifa, mzazi lazima ajulishwe siku hiyohiyo, na ujumbe unaingia kwenye simu kabla chai ya asubuhi haijapoa. Hata Kiswahili mwanangu anafundishwa, kwa sababu manispaa inawajibika kutoa somo la lugha ya nyumbani panapokuwa na watoto wasiopungua 5 wanaoihitaji na mwalimu akapatikana. Kila nilipotajiwa mojawapo ya huduma hizi nilijikuta nikisema moyoni kwamba na sisi tulikuwa nayo. Mkutubi tulikuwa naye, alikata magazeti kwa mkasi. Muuguzi tulikuwa naye, alikuwa na chupa ya dawa ya vidonda kwenye kabati la daftari za mahudhurio. Mnasihi alivuka maji kwenda Feri. Wote walikuwa mtu mmoja, aliyelipwa mshahara mmoja usiotosha, na muda uliobaki aliuza visheti.

Mwalimu wa mwanangu hajawahi kufika nyumbani kwetu, wala hatafika. Saa zake za kazi zikiisha, zimeisha. Wenzangu wengi huona huo ni ubaridi wa Wazungu, na zipo jioni ambazo nami nimetamani angepiga hodi, akavua viatu na kuzungumzia theluji. Lakini mwalimu huyu hahitaji kuwauzia watoto kitu ili ale. Akichoka anasema amechoka, na hakuna anayemjibu kwamba ualimu ni wito.

Hapo ndipo penye ugomvi wangu na sifa tunazowamwagia walimu wa zamani. "Ualimu ni wito" ni kauli tuliyoirithi kama heshima, lakini kwa miaka mingi imetumika kama risiti ya deni lililokwisha kulipwa. Walimu walipogoma mwaka 2012 wakidai nyongeza ya mishahara na mahakama ikawaamuru warudi darasani, niliisikia kutoka kwa watu wenye akili timamu, baadhi yao wakiwa wamefundishwa na Mama Mwalimu. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016 na madarasa ya kwanza yakafurika, nchi ilihamasishana kuchangia madawati, na lilikuwa jambo jema, ila dawati halimsikilizi mtoto akisoma. Sasa sera ya elimu ya mwaka 2014, toleo la 2023, imefanya miaka 10 ya shule kuwa ya lazima. Hao watoto watahitaji watu, na watu wana kodi ya nyumba.

Kinachonishangaza ni kwamba hatukuwa wageni wa mawazo ya huku. Kituo cha Elimu Kibaha kilianzishwa mwaka 1963 kwa msaada wa nchi za Nordiki kikakabidhiwa kwetu mwaka 1970, na Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilivyoanza mwaka 1975 vilifuata mfano wa vyuo vya Skandinavia, Uswidi ikivifadhili. Tuliazima majengo na miundo. Wazo la kwamba kumfuatilia mtoto mtoro ni kazi yenye mtu wake na malipo yake tuliliacha bandarini, nadhani kwa sababu tayari tulikuwa na kina mama wa kuifanya bure, katika nchi ambayo hata muasisi wake, aliyeacha kufundisha Pugu mwaka 1955, tunamwita Mwalimu kabla ya kumwita Rais.

Mama Mwalimu amestaafu na bado anaishi Kigamboni. Mwaka huu sisi tuliosoma pamoja, walioko Dar es Salaam na sisi tuliotawanyika, tumeamua kumfanyia hafla: ukumbi, kanga, ngao yenye jina lake na pilau. Mmoja wetu alikuwa na adabu ya kumuuliza mwenyewe anataka nini, na jibu lilikuja kwa ujumbe wa sauti, kuku wakisikika nyuma yake. "Wanangu, pilau nitakula. Lakini pale shuleni kuna binti anafundisha darasa la kwanza, amesomea kazi hiyo na ajira hajapata, anajitolea, nauli anachangiwa na wazazi. Mtazameni na huyo."

Kundi liligawanyika siku hiyohiyo. Wengi wanasema jambo la yule binti ni la serikali, na kwamba tukianza kulipa walimu sisi hatutamaliza. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, na kwa kiasi fulani ndiyo hoja yangu mwenyewe. Hata hivyo binti huyo yuko darasani asubuhi hii, na serikali haimjui. Sipingi pilau. Nimemtumia mweka hazina mchango wangu wote, nikaandika wazi kwamba uwe posho ya yule mwalimu wa kujitolea na usiguse ukumbi, naye amenijibu kwamba amepokea na kwamba kamati itakaa.